Degedege na sindano: maswali ninayoulizwa wodini

Mvua za masika zikishika, wodi ya watoto huku Tanga hujaa, na maswali huwa yale yale. Nayajibu hapa kwa pamoja.

Degedege ni nini?
Mtoto anakakamaa, anatikisika, macho yanageuka, fahamu zinapotea. Kwa watoto tunaowapokea, chanzo mara nyingi ni homa kali, na nyuma ya homa hiyo kuna malaria. Si ndege aliyepita usiku wala shetani.

Ni kweli mtoto mwenye degedege akichomwa sindano anakufa?
Hapana.

Lakini mtoto wa jirani alichomwa akafa.
Alianza kuumwa lini? Nikiuliza hivyo, watu hutazamana. Jumatatu homa. Jumanne mafusho ya kinyesi cha tembo. Jumatano chale. Alhamisi usiku degedege la tatu. Ijumaa alfajiri analetwa hajitambui, tunamchoma sindano, na kabla ya jua kupanda ameshafariki. Kijiji kizima kinaikumbuka sindano. Zile siku nne hakuna anayezihesabu. Kilichomuua ni malaria iliyoachwa ikapanda kichwani.

Nani amethibitisha kwamba sindano haiui?
Swali zuri, na ningependa waganga nao waulizwe hivyo hivyo. Watoto 5,425 wenye malaria kali walifuatiliwa katika nchi 9 za Afrika, wakiwamo wa hapa kwetu Muheza na Korogwe. Kwa kura, wengine walipata sindano ya kwinini, wengine ya atesuneti, zote dawa za malaria. Matokeo yalitoka mwaka 2010: kwa atesuneti, zaidi ya watoto 91 katika kila 100 walinusurika, kwa kwinini, 89. Hao ni mahututi, wote wamechomwa. Kama sindano ingekuwa inaua wenye malaria kali, wodi zile zingebaki tupu.

Mbona mganga alimfukiza mwanangu, akatulia palepale?
Degedege la homa kwa kawaida hukoma lenyewe ndani ya dakika tano. Ukimfukiza litakoma, ukimpepea kwa kanga litakoma, ukikaa unalia tu litakoma. Anayekuwa karibu wakati huo ndiye anayepewa sifa, na kuku wa malipo pia. Vimelea vya malaria bado vimo kwenye damu. Kutulia si kupona. Narudia, maana hapa ndipo tunapowapoteza: mtoto ametulia, mama anashukuru, anamlaza, na usiku ule ule linarudi.

Watu wote wanaoshuhudia kuwa walipona, ni waongo?
Si waongo. Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500 kilichodaiwa kutibu kisukari, saratani na UKIMWI. Wengi walirudi wakisema wamepona, na wapo walioacha dawa zao. Anayejisikia vizuri husimulia, aliyezikwa hasimulii. Mtu akidai makubwa, muulize: wangapi walikuja, wangapi walipona, na nani alipima damu kabla na baada?

Degedege likimshika mtoto nifanye nini?
Mlaze ubavu, mlegeze nguo, tazama saa. Usimtie chochote mdomoni: si kijiko, si mafuta, si dawa ya kienyeji, kwa sababu kijiko kinaweza kumuumiza, na mafuta au dawa vinaweza kuingia kwenye mapafu. Kisha mlete zahanati apimwe malaria, hata kama limekoma. Hasa kama limekoma! Likipita dakika tano, usingoje likome: ondokeni.

Tungoje kupambazuke?
Hapana. Piga simu ya bodaboda sasa hivi.

Mama mkwe amekataza sindano.
Usibishane naye usiku, mwanao anaungua. Mwambie, "Mama, twende wote." Dua asome njiani, kombe (aya zilizoandikwa zikaoshwa kwa maji ya kunywa) nalo sina ugomvi nalo, ila mtoto asiyejitambua asinyweshwe kitu. Akifika, nitampa shikamoo yake mlangoni na kiti kando ya kitanda, aione sindano ikiingia.