Umetoka kazini, lakini mwili wako umetoka?

Saa tatu usiku simu inatikisika mezani. Ujumbe wa bosi una maneno matatu: "Nione kesho asubuhi." Basi. Kabla hujamaliza kujiuliza umekosea nini, mwili umeshaitikia. Ubongo umepeleka taarifa kwenye tezi za adrenali zilizo juu ya figo, adrenalini imemwagika kwenye damu, moyo unakwenda mbio na viganja vinatoa jasho. Dakika chache baadaye kotisoli inapanda, homoni inayoongeza sukari kwenye damu ili misuli na ubongo vipate nguvu. Kazi ya kusaga chakula inapunguzwa kasi, kwa sababu wakati wa hatari haina haraka.

Walter Cannon, mtaalamu wa Marekani aliyechunguza utendaji wa mwili, aliyaeleza mabadiliko haya mwaka 1915 kuwa ni maandalizi ya kupigana au kukimbia. Wewe sasa umekaa kwenye kochi. Hakuna wa kupigana naye, hakuna pa kukimbilia, na jibu hulipati mpaka kesho.

Watu wengi wanaokuja kwetu wakilalamikia msongo wa mawazo huanza kwa kusema kazi ni nyingi. Ni kweli, mara nyingi ni nyingi. Ila kwa mtazamo wangu swali la kwanza liwe hili: mwili wako unashuka na kutulia saa ngapi? Presha ya kazi, saa moja kabla ya kuwasilisha ripoti, haimdhuru mtu mwenye afya. Humsaidia kuwa makini, kisha hupita. Madhara huja pale mwili unapopandishwa leo, kesho na keshokutwa bila kupewa nafasi ya kurudi chini. Mtafiti Hans Selye aliliona hilo kwenye maabara mwaka 1936. Panya wake walipata misukosuko ya aina mbalimbali, baridi kali, majeraha, sumu kidogo, na bado miili yao ilionyesha dalili zilezile: tezi za adrenali zilizovimba na vidonda tumboni. Walioendelea kusumbuliwa kwa muda mrefu mwishowe walichoka kabisa.

Kwa binadamu, saa ndefu za kazi zina gharama inayopimika. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunahusishwa na ongezeko la asilimia 35 la hatari ya kiharusi, na asilimia 17 la hatari ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo, ukilinganisha na wanaofanya saa 35 hadi 40. Na ukweli ni kwamba wengi wetu tunahesabu saa za ofisini tu. Ile saa ya kitandani ya kurudiarudia kichwani mazungumzo ya kikao hatuihesabu, ilhali mwili unaihesabu.

Hapo ndipo pa kuanzia. Kazi ambayo haijakamilika hung'ang'ania kichwani, na kuiambia akili "acha kuwaza" hakusaidii. Kinachosaidia ni mpango. Wanasaikolojia E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha mwaka 2011 kwamba watu waliopanga waziwazi namna ya kumalizia jambo lililobaki walipungukiwa na mawazo ya kuwavamia kuhusu jambo hilo, ingawa lenyewe lilikuwa bado. Kwa hiyo kabla ya kufunga kompyuta, chukua karatasi, andika yaliyobaki na hatua ya kwanza ya kila moja. Ukiandika "ripoti" hujaandika kitu. Usiku utaiwaza tena. Andika hivi: "Saa mbili na nusu, nifungue jedwali la tatu, nirekebishe jumla ya mwezi wa pili, kisha nimpelekee mhasibu." Inachukua dakika tano au kumi. Mwaka 2018 Michael Scullin na wenzake walipima jambo linalokaribiana na hili: walioandika kabla ya kulala mambo wanayopaswa kuyafanya walipata usingizi mapema kuliko walioandika mambo waliyokwisha kuyamaliza.

Mwili nao una mlango wake. Ukitoa pumzi polepole kuliko unavyoivuta, neva inayopunguza mapigo ya moyo hupata nguvu. Vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita, dakika tano tu. Hiyo ni kama pumzi sita kwa dakika. Fanya kabla ya kikao, au kwenye gari kabla ya kuingia nyumbani. Kutembea kwa miguu kwa haraka ni dawa nyingine ya kweli, na kahawa iangalie saa: kwa mtu mzima mwenye afya, nusu ya kafeini hubaki mwilini kwa takriban saa tano, hivyo kikombe cha saa kumi jioni nusu yake bado ipo saa tatu usiku. Pombe nayo huleta usingizi haraka kisha huukatakata usiku kucha.

Lakini nisingependa mzigo wote aachiwe mfanyakazi. Tangu utafiti wa Robert Karasek wa mwaka 1979 tunajua kwamba kazi inayoumiza zaidi ni ile yenye madai makubwa huku anayeifanya hana sauti juu ya namna ya kuifanya. Kiongozi anaweza kubadilisha hilo bila bajeti. Waulize watu wako ni kazi ipi isubiri pale unapoongeza nyingine. Wape nafasi ya kupanga utaratibu wao. Na ukimwita mtu, mwambie unamwitia nini: "Nione kesho asubuhi, tupange tarehe za likizo yako" humwacha mtu alale.

Kuna wakati haya yote hayatoshi. Shirika la Afya Duniani linautambua uchovu uliopindukia wa kikazi kwa mambo matatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo kimawazo, na kuona hufanyi tena kazi yenye tija. Ukijiona humo, au ukiwa na huzuni na usingizi mbovu kwa zaidi ya wiki mbili, mwone daktari au mshauri nasaha. Maumivu ya kifua, hasa yanayosambaa kwenye mkono au taya, usiyaite msongo, wahi hospitali. Na mawazo ya kutaka kujiua hayasubiri miadi ya wiki ijayo: mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, na mwende pamoja hospitali siku hiyohiyo.