Kwa nini wapiga picha wanaolifuata jua la Dodoma humketisha mzee kivulini?

Dodoma si jangwa, ingawa kiangazi chake humfanya mgeni adhani hivyo. Mvua ni kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni vumbi jekundu, mibuyu iliyopukutika majani na anga lisilo na wingu. Ukame huo ni sehemu ya kinachowavuta wapiga picha wa safari za utamaduni, zile za watu wanne au sita na mwenyeji wao, wanaotafuta nyuso za watu badala ya simba. Chamwino kuna wapiga zeze, na kuna wanawake wa Kigogo wanaopiga muheme, ngoma zikiwa zimebanwa mapajani. Ukipanda kaskazini hadi Kolo, Kondoa, kuna michoro ya miambani iliyoingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006.

Sasa tazama kinachotokea mzee anapokubali kupigwa picha. Anavaa shati safi, anachukua fimbo yake, anatoka na kusimama katikati ya uwanja, uso umeelekea jua. Ndivyo wengi tulivyofundishwa: anayepigwa atazame mwanga, mpiga picha alipe jua mgongo. Mgeni anashukuru, kisha mwenyeji anamfikishia ombi: "Babu, samahani, tunaomba urudi pale mlangoni, ukae kwenye kigoda." Babu anashangaa, na ana haki ya kushangaa. Jua lote hili, halafu kivulini?

Jibu fupi ni kwamba uso huhitaji upana wa mwanga kuliko wingi wake. Jibu refu linapitia mambo mawili ambayo watu wengi huyaamini na ambayo si kweli.

La kwanza ni kwamba jua likiwaka zaidi, picha inatoka vizuri zaidi. Ushauri huo ulikuwa na maana enzi zake. Filamu za zamani zilichelewa kushika mwanga, na kamera za bei nafuu hazikuwa na namna ya kupanua tundu la lenzi, kwa hiyo pasipo jua hapakuwa na picha. Kamera zimebadilika, ushauri umebaki. Leo simu ya kawaida hupiga picha chini ya kibaraza bila taabu.

La pili linaumiza zaidi, na tunalirudia wenyewe: "Mimi ni mweusi sana, sitatoka." Utalisikia kwenye studio za picha za pasipoti, utalisikia harusini, utalisikia kwa bibi anayesukuma wajukuu mbele ili yeye abaki nyuma. Si kweli hata kidogo, na ushahidi umetundikwa ukutani. Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948. Alipiga nyingi ya picha zake uani kwa mwanga wa mchana, na pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitanda chake. Waliokaa mbele ya kamera yake walikuwa weusi, na katika picha hizo, ambazo leo zimo katika makumbusho makubwa ya dunia, unaona mashavu, chale na hata mshono wa kola. Hakuwa na filamu ya ajabu. Alijua amkalishe mtu wapi.

Basi kwa nini picha za watu weusi zimeharibika mara nyingi kiasi cha kuzaa imani hiyo? Sehemu ya lawama ni ya viwanda. Kuanzia miaka ya 1950, maabara zilizosafisha filamu za rangi za Kodak zilisawazisha mashine zao kwa kadi zilizoitwa za Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe. Ngozi ya mwanamke huyo ikitoka sawa, mashine ilihesabiwa kuwa sawa, na kila aliyekuwa na ngozi tofauti alipimwa kwa kipimo ambacho hakikuwa chake. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilifuata miaka ya 1990. Hata kwenye simu jambo hili limechelewa: Google ilitangaza marekebisho yake ya ngozi za rangi mbalimbali, Real Tone, mwaka 2021 pamoja na simu ya Pixel 6.

Lakini viwanda havimalizi maelezo. Chukua kamera mpya kabisa, msimamishe babu yuleyule juani saa saba mchana, na picha bado itakukatisha tamaa. Hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe.

Sehemu ya kamera inayopokea mwanga imejaa vijishimo vidogo mno, mamilioni ya vijishimo, na kila kimoja hukusanya mwanga wa kipande chake cha picha. Fikiria umetega uani ndoo za ukubwa mmoja mvua ikinyesha. Moja iko chini ya mchirizi wa bati, nyingine uwanjani, nyingine chini ya mwembe ambako yanadondoka matone mojamoja. Sharti ni kwamba ndoo zote unazianua kwa wakati mmoja. Ukisubiri ile ya mwembeni ipate maji ya kutosha, ya mchirizi imeshafurika, na maji yaliyofurika hayahesabiki tena. Huwezi kujua yalikuwa ya ndoo mbili au kumi. Ukiziwahi kabla ya mchirizi kufurika, ya mwembeni ina unyevu tu uliochanganyika na takataka za chini ya ndoo. Shati jeupe la babu na anga la nyuma yake ndiyo ndoo ya mchirizi. Macho yake chini ya ukingo wa kofia ya pama ndiyo ndoo ya mwembeni. Takataka ni zile chenga unazoziona ukijaribu kuung'arisha uso baada ya picha kupigwa. Jicho la binadamu halina sharti hilo: hutazama shati, hutazama macho, na hujirekebisha kila linapohama, ndiyo maana sisi tunamwona babu vizuri palepale kamera inaposhindwa.

Nani anaamua wakati wa kuanua? Kipimo cha mwanga cha kamera, nacho hakimjui babu. Kipimo cha kawaida kimetengenezwa kwa dhana kwamba mandhari yoyote, ikichanganywa yote pamoja, hurudisha asilimia 18 hivi ya mwanga unaoiangukia, yaani kijivu cha katikati. Kikiona anga jeupe na shati jeupe, kinadhani mwanga umezidi, kinapunguza, na uso unazama gizani. Watu huona picha hiyo na kulaumu ngozi. Kamera nyingi za sasa hutafuta uso kwanza na kupima hapo, na simu huunganisha picha kadhaa zilizopigwa kwa kufuatana, hivyo kosa limepungua. Halijaisha.

Tatizo jingine ni umbo la jua lenyewe. Kutoka duniani tunaliona kama kisahani chenye upana wa nusu digrii tu. Taa ndogo namna hiyo hukata vivuli vyenye makali. Dodoma iko karibu digrii 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mchana jua huwa juu sana, na mara mbili kwa mwaka, siku za mwanzo za Machi na tena karibu na tarehe 8 Oktoba, hupita utosini kabisa. Tena halifiki kileleni saa sita kamili: kwa kuwa saa zetu hufuata mstari wa digrii 45 mashariki na mji uko karibu na digrii 36, kilele huwa kama saa sita na nusu au kupita kidogo. Kwa mtu aliyesimama wakati huo, paji la uso na ncha ya pua vinaungua kwa mwanga, macho yanabaki mashimo mawili meusi, na pua inaweka kivuli juu ya mdomo. Akiinua uso kulifuata jua, anafumba macho.

Sasa tuitazame ngozi. Mwanga ukiigonga, hurudi kwa njia mbili. Sehemu hurudi palepale juu ya ngozi, kama unavyorudi kwenye maji yaliyotulia, nayo ndiyo tunayoiita kung'aa. Sehemu nyingine huingia ndani, hupita kwenye melanini (ile inayoipa ngozi weusi wake) na damu, kisha hutoka ikiwa imechukua rangi ya mtu. Ngozi nyeusi humeza kiasi kikubwa cha ile ya pili. Ya kwanza haipungui. Kwa hiyo kwenye uso mweusi, kung'aa ni sehemu kubwa zaidi ya kile kamera inachokiona, na ndiko kunakochora shavu, taya na paji la uso. Matokeo yake ni kwamba umbo la taa huonekana waziwazi juu ya uso. Taa ikiwa kisahani kidogo, kama jua, unapata madoa meupe makali yaliyotawanyika kwenye pua na paji, hasa kama mtu amejipaka mafuta. Taa ikiwa pana, mng'ao unatandaa taratibu kutoka shavuni hadi sikioni, na kila mkunjo unasomeka. Ngozi nyeusi inashukuru mwanga mpana kuliko ngozi yoyote, na kwa maoni yangu hakuna uso unaolipa zaidi kazi ya mpiga picha mvumilivu.

Mlangoni pa nyumba, taa pana ipo tayari. Tembe ya Kigogo, yenye paa la udongo lililolala na madirisha madogo au bila madirisha, ni studio kamili. Babu akikaa hatua moja ndani ya kizingiti, jua halimgusi, lakini mbele yake kuna anga lote linaloonekana kupitia mlango na uwanja uliofagiliwa, unaorudisha mwanga kutoka chini na kukijaza kile kivuli chini ya nyusi. Wakati jua la mchana kwenye uwanja hufika laksi (kipimo cha mwanga) 100,000 hivi, kwenye kivuli kilicho wazi huwa kama sehemu moja ya kumi ya hapo, na bado ni mwanga mwingi kuliko sebule yoyote yenye taa. Nyuma yake ndani ni giza, kwa hiyo hakuna anga la kufurika. Sogea umtazame machoni: katika kila mboni kuna mstatili mdogo mweupe, mlango wenyewe, na ndio unaoyafanya macho yaonekane hai.

Giza la nyuma lina hila yake. Kipimo kilekile kilichodanganywa na anga jeupe sasa kinaona weusi mwingi, kinaongeza mwanga kupita kiasi, na uso unapauka. Mpiga picha mwenye uzoefu hupima usoni au hupunguza kidogo kwa mkono, ili babu atoke na rangi yake. Udongo mwekundu nao hupaka kidevu wekundu kidogo. Wengine husawazisha, mimi ningeuacha, kwa sababu ndiyo rangi ya mahali penyewe.

Hapa utaelewa pia kwa nini safari hizi huwa za watu wachache. Adabu ni sababu ya kwanza: watu ishirini wenye lenzi ndefu mbele ya mzee mmoja ni uvamizi hata kama amekubali, na ridhaa huombwa kwa kusalimia, kukaa na kueleza picha itakwenda wapi. Sababu ya pili ni mwanga. Mlango ndio taa, na kila anayesimama mbele yake anaiziba. Watu wawili wakichuchumaa pembeni, mwanga unapita. Sita wakijipanga mlangoni, wameizima. Aliyevaa fulana nyekundu na kusogea karibu atamtia babu wekundu shavuni.

Si kila kivuli kinafaa. Chini ya mgunga majani ni membamba, jua hupenya, na uso hujaa madoa. Mbuyu wa kiangazi hauna majani, lakini shina lake huweza kuwafunika watu kadhaa asubuhi na alasiri. Jua likiwa utosini, kivuli hicho hukusanyika shinani na hakuna pa kukaa. Ukuta uliopakwa chokaa ng'ambo ya uwanja ni msaada mkubwa, kwa sababu huurudisha mwanga wa jua ukiwa mpana. Flashi ya kamera haisaidii sana: nayo ni taa ndogo, na huleta madoa yaleyale ya jua.

Jua lenyewe hulainika asubuhi na jioni, lakini kwetu hulainika kwa muda mfupi. Karibu na ikweta linashuka karibu wima, hivyo kutoka digrii 10 juu ya upeo hadi kuzama ni kama dakika 40. London mwezi Juni safari hiyohiyo huchukua karibu mara mbili. Mgeni aliyezoea jioni ndefu za kwao hujikuta gizani akiwa bado anapanga watu.

Masika ni habari nyingine. Wingu likitanda sawasawa, anga zima linakuwa taa, na babu anaweza kusimama katikati ya uwanja alikotaka tangu mwanzo. Avue tu ile kofia ya pama, maana mwanga wa wingu bado mwingi hutoka juu, au mjukuu amshikie kitambaa cheupe usawa wa kiuno, nje kidogo ya picha.