"Ain't" si ya warapa, wala haimaanishi "sina"

Nikitaja "ain't", neno la Kiingereza la kukanusha, wanafunzi huniambia: "Prof, hicho ni Kiingereza cha warapa, hakimo hata kwenye kamusi." Kimo. Waingereza waliandika "an't" tangu karne ya 17, "ain't" ikafuata karne ya 18, na hata watu wa tabaka la juu waliitamka bila haya. Mwaka 1961 Wamarekani walipiga kelele kamusi kubwa ya Webster ilipotoka bila kuikemea vya kutosha. Walioifukuza ni walimu.

Hiyo ni historia, tuiache. Wanaonikera zaidi ni wale wanaoikubali, kisha wanaibandika popote penye ukanushi. Ain't inashika nafasi ya vitu vitano: am not, is not, are not, have not, has not. Na hizo have na has ni zile zinazosaidia kitenzi kingine, si zile za kumiliki. Kijana akimwambia dereva wa Zambia pale mpakani Kasumbalesa "I ain't money", akidhani amesema hana pesa, amesema yeye si pesa. Dereva atacheka, na ana haki. Sema "I ain't got money". Ukiongeza no, "I ain't got no money", bado huna pesa. Ile ya hasi mbili kuzaa chanya waachie wa hesabu.

Ukikutana nayo, tazama neno linalofuata. Jina, sifa au kitenzi chenye -ing, kama "he ain't coming": upande wa be (am, is, are). Seen, gone, got: upande wa have. Kwa kawaida. Maana "he ain't finished" ni is au has? Kwenye karatasi hakuna wa kukuambia, hata Mwingereza mwenyewe atakisia kwa kusoma sentensi za jirani. Na likifuata kitenzi kitupu, "I ain't see him", weka chini kalamu nyekundu: Wamarekani Weusi wengi husema hivyo kwa maana ya didn't, na wanafuata kanuni yao. Kuelewa inatosha, usiige.

Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunakimbilia kuilinganisha na "c'est pas", yaani "si" ya mazungumzo inayoacha ne ya "ce n'est pas". Si sawa kabisa. "C'est pas" hata mkurugenzi anaisema ofisini. Ain't ikitoka kinywani mwake, anatania au anatafuta kura, kama Rais Reagan wa Marekani mwaka 1984 na "You ain't seen nothing yet" yake. WhatsApp na rafiki, sawa. Barua ya kuomba kazi mgodini, hapana, hata mara moja.

Kuna jambo vitabu vinalipita kimyakimya. "Aren't I?" inakubaliwa hata kwenye mtihani, ingawa hakuna anayesema "I are". Ain't, ambayo ingeziba vizuri zaidi pengo la kifupi cha am not, ndiyo inayokatwa alama. Mwanafunzi akiniuliza sababu ya kisarufi, sina ya kumpa. Namwambia ni mazoea ya wakubwa, kisha nafuta ubao.