Rikasheni si kurudiarudia

Kwa mara ya tatu mwezi huu nimemsikia mtu anayefundisha programu akisema, "Rikasheni ni kurudiarudia kazi mpaka iishe." Wanafunzi wanaandika, wanapiga mstari chini yake, na kosa linahama daftari hadi daftari.

Rikasheni ni kueleza jambo kwa kulitumia jambo lilelile katika hali ndogo zaidi, hadi ufike mahali ambapo jibu linajulikana bila kuuliza. Kwenye programu, ni funksheni, yaani kipande cha programu chenye jina na kazi yake, inayojiita yenyewe. Maana ni hiyo tu.

Linalowachanganya watu ni neno lenyewe. Asili yake ni Kilatini, recurrere: re- ni nyuma, currere ni kukimbia. (Currere hiyohiyo ndiyo iliyozaa, kwa kupitia Kifaransa na Kiingereza, "kozi" tunayosoma chuoni.) Basi recurrere ni kukimbia kurudi ulikotoka. Kurudi, si kurudia! Vitenzi hivi vinatofautiana kwa irabu moja, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Anayetwanga mpunga anarudia: mchi unapanda, unashuka, na pigo la hamsini halingoji lolote kutoka kwa la arobaini na tisa. Hiyo ni lupu, yaani amri zilezile zinazotekelezwa tena na tena.

Sasa muulize mtoto: wewe ni kizazi cha ngapi tangu ukoo wenu uhamie kijiji hiki? Hajui, anamuuliza baba. Baba naye hajui, anamuuliza babu. Babu anakumbuka kwamba baba yake mzazi ndiye aliyehama, kwa hiyo huyo ndiye wa kwanza. Hapo maswali yanakoma na jibu linaanza safari ya kurudi: babu anaongeza moja, yeye ni wa pili; baba anaongeza moja, wa tatu; mtoto ni wa nne. Muda wote huo mtoto alikuwa amesimama palepale akingoja, na baba vilevile. Kompyuta nayo huwapanga wanaongoja kwenye rundo ndani ya kumbukumbu yake, mmoja juu ya mwingine. Usipoiambia wa kwanza ni nani, rundo hujaa na programu ikaanguka.

Wanahisabati walikuwa na neno hili kabla ya kompyuta za leo kuwapo. Mwaka 1931 mwanamantiki Kurt Gödel, kwa Kijerumani, aliziita "rekursiv" funksheni ambazo thamani yake kwa namba fulani hupatikana kutokana na thamani ya namba iliyotangulia. Faktoria, yaani namba ikizidishwa na zote zilizo chini yake hadi 1, ni mojawapo: ya 4 inaitaka ya 3, ya 3 inaitaka ya 2, hivyo hivyo mpaka ya 0, ambayo tumekwisha kukubaliana ni 1. Kutoka hapo unarudi ukizidisha, 1, 2, 6, 24. Hakuna mashine inayozunguka; ni maelezo yanayorudi nyuma hadi yapate pa kushika.

Ni kweli kazi nyingi zinafanyika kwa njia zote mbili na jibu likawa lilelile, kwa hiyo naelewa mwalimu anavyofika kwenye "kurudiarudia". Ila kama unaandaa somo la kesho, naomba ulifute neno hilo uandike "kujiita, kisha kurudi". Na kabla hujaonyesha mstari wowote wa kodi ya programu, waulize wanafunzi nani aliyetangulia kuhamia kijijini kwao.