"Ni kidole kidogo tu": naomba kauli hii ife

"Ni kidole kidogo tu, hakina kazi, kitapona chenyewe." Wagonjwa wakiniambia hivyo huwa navumilia, maana hakuna aliyewafundisha vingine. Wiki hii kauli hiyo imenifikia kupitia mama mmoja mwenye kisukari aliyejigonga kidole kidogo cha mguu, ambaye aliambiwa hivyo na mhudumu wa afya, akarudishwa nyumbani akakande kwa maji ya moto. Alipofika kwetu, kidole kilikuwa kimegeuka cheusi upande mmoja na mguu una malengelenge ya kuungua. Joto la maji hakulisikia. Hata kujigonga kwenyewe hakukusikia. Alichoona ni damu kwenye kandambili.

Kwa hiyo leo mnivumilie nikiandika kwa ukali kidogo.

Kauli ile ina madai matatu yaliyofungwa pamoja. La kwanza, kwamba mtu anaweza kuishi na kutembea bila kidole kidogo cha mguu. Hilo ni kweli. La pili, kwamba kwa sababu hiyo kidole hakina kazi. Hilo si kweli. La tatu, kwamba kwa sababu hakina kazi, kikiumia hakuna haja ya kukiangalia. Hilo linakata watu miguu. Wengi huanza na la kwanza wakatua kwenye la tatu, na la pili hawaligusi kabisa.

Maumivu kwanza, kwa haraka. Unapotembea, mguu unaorushwa mbele huenda kwa kasi inayokaribia mara tatu ya kasi ya mwili wenyewe. Ukikutana na tendegu la kitanda gizani, nguvu yote hiyo inaishia kwenye kipande kidogo cha ngozi ambacho hakina nyama ya kupokea kishindo na kimejaa ncha za neva. Neva za maumivu ni za aina mbili. Moja ina ala ya mafuta na husafirisha habari kwa mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Hiyo ndiyo inayokurusha. Nyingine ni nyembamba, haina ala, na hujikongoja kwa mita 0.5 hadi 2 kwa sekunde. Kutoka kidoleni hadi uti wa mgongo wa mtu mzima ni kama mita moja na kidogo, hivyo ujumbe wa neva hizo za polepole huchelewa. Ndiyo maana kuna ile nafasi fupi ambapo umeshajua umejigonga, lakini uchungu mzito wa kupwita bado uko njiani. Na ukikishika kidole ukakisugua, nafuu unayoipata ni ya kweli: Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza mwaka 1965 jinsi neva za mguso zinavyoweza kuufifisha ujumbe wa maumivu pale unapoingia kwenye uti wa mgongo.

Shikeni jambo moja hapo. Ukubwa wa maumivu haupimi ukubwa wa jeraha. Kidole kizima kinaweza kukuliza, na kilichooza kinaweza kunyamaza.

Sasa kazi yake. Wanaosema kidole kidogo ni mabaki tu ya enzi za babu zetu hupenda kutoa ushahidi wa udogo wake, na wengine huongeza kwamba kwa watu wengi pingili ya kati na ya mwisho zimeungana kuwa mfupa mmoja. Ni kweli zimeungana. Kwa Wajapani waliochunguzwa hiyo ndiyo hali ya wengi, na hata hapa kwetu nazikuta kwenye eksirei mara kwa mara. Lakini udogo si dalili ya kunyauka. Nyayo za Laetoli, kule kaskazini mwa Tanzania, ambazo timu ya Mary Leakey ilianza kuzifukua mwaka 1978, zina miaka takriban milioni 3.66, na tayari zinaonyesha mguu wa kukanyagia ardhi: kidole gumba kimekaa sambamba na wenzake, hakikuchepuka kando kama cha sokwe. Mguu wa kushika matawi unahitaji vidole virefu. Mguu wa kukimbia unahitaji vifupi. Mwaka 2009 Campbell Rolian na wenzake walipima watu wakitembea na kukimbia, wakakuta kwamba kuongeza urefu wa vidole kwa asilimia 20 tu kungeifanya kazi ya misuli inayovikunja iwe maradufu wakati wa kukimbia. Kumbe ufupi ndio ubora wake.

Na vidole vinafanya kazi mguuni. Uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 1990, uliopima shinikizo chini ya nyayo za watu wazima kwa watoto, ulikuta vidole vinagusa ardhi kwa takriban robo tatu ya muda wa hatua. Kidole gumba ndicho kinachobeba sehemu kubwa, sibishi. Kidogo hubeba kidogo. Kazi yake ni ya ukingoni: uzito unapomwagikia upande wa nje, unapokata kona au unapokanyaga mteremko, kinabana ardhi na kuipa neva habari ya mahali mguu ulipo. Mwangalieni mtu aliyekua akitembea peku, asimame kwa mguu mmoja, mwone kidole hicho kinavyojitanua na kubonyea. Kisha mwangalieni aliyezoea viatu vya kuchongoka: kidole kimelala chini ya jirani yake, kimeota sugu juu, hakigusi chochote. Huyo wa pili akiniambia kidole chake hakina kazi, ninamwelewa. Kiatu kimekiachisha kazi.

Je, mtu akikikosa? Hapa nataka niwe mkweli, maana wapo wenzangu wanaowatisha wagonjwa kwamba bila kidole kidogo utayumba na kuanguka. Sivyo. Kuna ugonjwa uitwao ainhum, ambao daktari José Francisco da Silva Lima aliueleza mwaka 1867 huko Bahia, Brazili, kwa watu wenye asili ya Afrika. Mkunjo unajichimba chini ya kidole kidogo, unakaza mwaka hadi mwaka, mpaka kidole kinaning'inia na kudondoka. Chanzo chake hadi leo hakijathibitishwa. Hao waliokipoteza wanatembea, wanalima, wanabeba mizigo. Mwili una akiba. Ila kuweza kuishi bila kitu hakumaanishi kitu hicho hakikuwa na kazi. Tunaishi pia kwa figo moja, na sijamsikia mtu akisema ile ya pili itupwe.

Sasa nifike kwenye linaloniudhi kuliko yote. Watu wakisema "kidole kidogo", mara nyingi wanazungumzia ukingo wote wa nje wa mguu. Kidole ni pingili zile mbili au tatu unazoziona. Nyuma yake, ndani ya nyama ya mguu, kuna mfupa wa metatasali ya tano, unaokwenda hadi karibu katikati ya ukingo wa mguu. Pitisha kidole cha mkono kwenye ukingo huo kuelekea kisigino. Utakutana na nundu ngumu. Hiyo ndiyo tako la metatasali ya tano. Kidole ukikikosa unatembea. Mfupa huu ukiharibika, mguu mzima unabadilika. Vitabu vinafundisha kwamba mguu unasimama kwa nguzo tatu: kisigino, kichwa cha metatasali ya kwanza na kichwa cha ya tano. Picha hiyo ni nzuri kwa wanafunzi, lakini siiamini sana, kwa sababu ukipima shinikizo la mtu anayetembea unakuta vichwa vya metatasali ya pili na ya tatu mara nyingi ndivyo vinavyobeba zaidi. Hata hivyo hakuna anayebishana kuhusu umuhimu wa ile ya tano kwa uthabiti wa upande wa nje.

Mwaka 1902 daktari wa upasuaji Robert Jones wa Liverpool alichapisha maelezo ya mvunjiko wa mfupa huu baada ya kuupata yeye mwenyewe akicheza dansi. Hakugonga kitu; mguu ulipinduka tu. Nyie mnaoshuka daladala kabla haijasimama mnaelewa ninachosema. Sasa sikilizeni tofauti, maana inaamua miezi ya maisha ya mtu. Kikimeguka kipande cha ile nundu yenyewe, pale kano inapoivuta, kwa kawaida kinaunga vizuri ukivaa kiatu kigumu na kutembea kwa kadiri unavyovumilia. Ufa ukiwa mbele kidogo ya nundu, sehemu ile ile aliyoieleza Jones, damu inayofika pale ni haba. Huyo anaweza kuhitaji plasta ngumu na magongo wiki 6 hadi 8 bila kukanyaga, na wengine, hasa wanamichezo, skrubu. Sentimita mbili tu ndizo zinazotenganisha matibabu hayo mawili. Halafu mtu anakuja amevimba ukingo mzima wa mguu, anaandikiwa "kidole kidogo, dawa ya maumivu", anaondoka.

Kwa hiyo mgonjwa akikaa mbele yangu, namwambia anionyeshe panapouma kwa ncha ya kidole kimoja, si kwa kiganja. Kisha mimi nabonyeza kuanzia ncha ya kidole, pingili kwa pingili, nikirudi nyuma hadi kwenye nundu. Kanuni za Ottawa, zilizotungwa Kanada mwaka 1992, zinasema wazi: aliyepata ajali ya mguu na anaumia ukibonyeza tako la metatasali ya tano, au hawezi kwenda hatua nne, apigwe eksirei. Kuamua nani apigwe hakuhitaji mashine. Kunahitaji kuvua soksi.

La kutikisa. "Nakitikisa, kwa hiyo hakijavunjika." Hapana. Misuli inayokunja na kunyoosha kidole iko mbali, kwenye wayo na kwenye mguu juu, na kano zake hupita juu ya ufa bila shida. Kidole kilichovunjika kinatikisika vizuri sana. Angalia badala yake kama kimepinda, kama ukucha umegeukia upande usio wake, kama kuna kidonda, kama maumivu ni ya nukta moja juu ya mfupa. Na msivutane vidole. Kilichopinda tunakirudisha sisi, baada ya sindano ya ganzi, mara nyingine kwa kuweka penseli kati ya vidole na kukigeuzia hapo.

Matibabu ya kile kisichopinda ni mepesi: gozi (kitambaa laini cha kufungia vidonda) kati ya vidole, plasta ya kunata kukifunga na jirani yake, kiatu chenye soli ngumu, wiki 4 hadi 6. Gozi ibadilishwe ikilowa, la sivyo ngozi inachachuka. Na hapa nikiri jambo ambalo vitabu vinalipita: ushahidi kwamba kukifunga na jirani kunaharakisha kuunga ni mwembamba. Nafunga kwa sababu kunapunguza maumivu na kunakilinda kisinase tena, na mgonjwa asiyependa plasta simlazimishi. Vilevile eksirei ya kila kidole kilichogongwa siitaki. Kama kiko sawa, hakina kidonda na metatasali haiumi, picha haitabadilisha nitakachofanya, na hela ya picha inatoka mfukoni mwa mtu.

Watoto wanaocheza mpira peku ni habari nyingine, na ni ya kidole gumba. Mtoto akijikwaa, ukucha ukavuja damu kwenye shina lake, pale unapoingia kwenye ngozi, huenda sehemu ya mfupa inayokua imevunjika na uko wazi kwa vijidudu. Huyo anahitaji kusafishwa vizuri, antibiotiki na eksirei siku hiyo hiyo, kabla mfupa haujaoza.

Nirudi kwa wenye kisukari, kwa kuwa hao ndio wanaopoteza mguu kwa kuanzia kidoleni. Sukari ikikaa juu miaka mingi, neva za miguu hufa kuanzia ncha. Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam walichapisha mwaka 2005 taarifa ya wagonjwa wa kisukari nchini Tanzania walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala. Panya anakula kidole, mwenye kidole hajui. Mtu wa namna hiyo akijigonga hatakwambia "naumia sana", na akikwambia haumii usifurahi. Maji ya moto asitumie kabisa, hata ya kupoza uchovu. Plasta ya kunata asijifunge mwenyewe, maana ikikaza damu haipiti na hatasikia. Atazame miguu kila jioni, chini na katikati ya vidole. Kama haoni vizuri, mjukuu amwangalizie.

Na ukienda kituo cha afya na kidole kimevimba, sema mapema, kabla hujaulizwa: "Nina kisukari, na miguu ina ganzi." Omba wakuvue viatu vyote viwili, wakupapase mapigo juu ya mguu na nyuma ya kifundo, wakuguse nyayo kwa kitu chembamba huku umefumba macho. Wakikwambia ni kidole kidogo tu, omba mganga mfawidhi aje akuone kabla hujaondoka.