Mahali pa umma ni wapi kwa mpiga picha?

Kwa mwenye kamera, mahali pa umma ni pale ambapo mtu yeyote hufika bila kuomba ruhusa wala kueleza kilichompeleka: barabara, njia ya waendao kwa miguu, Nyerere Square katikati ya Dodoma. Wengi wanapachanganya na mali ya umma, na ugomvi mwingi wa getini huanzia hapo. Ofisi ya wizara kule Mtumba ni mali ya umma, imejengwa kwa kodi zetu, lakini ndani ya uzio wake si mahali pa umma. Genge la nyanya pale Majengo ni la mwenyewe, ila njia inayopita mbele yake ni ya wote.

Ukiwa mahali pa umma, unategemea Ibara ya 18 ya Katiba ya mwaka 1977, inayompa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Kusimama pa halali, hata hivyo, hakutoshi. Kinachoingia kwenye picha nacho kinahesabika. Kambi ya jeshi hailengwi kwa lenzi eti kwa sababu wewe uko barabarani. Sheria inatambua maeneo yanayolindwa, na mji wenye Bunge, na Ikulu ya Chamwino jirani, hauwezi kuyakosa. Ukiona bango la katazo, litii.

Pasipo na bango ndipo penye kazi. Niliwahi kusimamishwa na mlinzi wa jengo moja la ofisi nikiwa ng'ambo ya barabara, napiga mawingu ya mvua. Alitaka nifute. Nilimsalimia, nikamwonyesha picha: mawingu, na kipande cha ukuta wake pembeni. Akasema bosi amekataza kamera. Bosi yule hakuwa na mamlaka juu ya barabara, na mlinzi wa kampuni si polisi. Nilimwambia hivyo kwa upole, sikufuta, tukaachana salama. Angekuwa askari polisi, ningemuuliza kosa langu ni lipi na kuomba tulimalizie kituoni. Kamera ikichukuliwa, dai hati ya ukamataji mali, yaani stakabadhi ya kilichochukuliwa, yenye jina na saini ya aliyeichukua.

Watu ni jambo zito kuliko majengo, kwa maoni yangu. Ibara ya 16 inalinda maisha binafsi ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inagusa hata sura inayomtambulisha mtu. Umati wa watu sokoni ni sawa. Mama mmoja wa Kigogo anayepiga ngoma ya muheme, uso umejaa fremu nzima, anastahili kusikia kwanza: “Shikamoo mama, naomba nikupige picha.” Akikataa, shusha kamera. Na kama picha ni ya kutangazia biashara, mweleze kabla hujaipiga, asije akajikuta kwenye bango la barabarani.