Bunduki ya asubuhi si bunduki ya adhuhuri

"Fundi, sikuigusa kabisa!"

Nimelisikia tena wiki iliyopita, barazani kwangu hapa Malindi, na limesemwa kwa fahari, kama mtu anayeapa kwamba hakula mali ya yatima. Kijana ametoka kushindana Afrika Kusini. Akafungua bahasha, akazipanga karatasi zake za shabaha juu ya mkeka kwa kufuata saa. Ya saa mbili asubuhi: risasi tano, tundu moja lililochanika, sarafu ya shilingi inalifunika na nafasi inabaki. Ya saa nne: nzuri bado. Ya saa saba mchana: matundu matano yamejipanga wima, moja chini ya jingine, kama vifungo vya kanzu.

"Nilipoona asubuhi imekubali, nikasema bunduki siigusi, wala kipimo cha baruti sikibadilishi. Itakuwa darubini imeharibika, au sivyo?"

Darubini haina kosa. Kosa ni hilo "sikuigusa". Nilikaa miaka 14 katika karakana ya bunduki huko huko Afrika Kusini, nikihudumia wapiga shabaha wa mezani, wale wanaolaza bunduki kwenye mifuko ya mchanga juu ya meza na kushindania kundi dogo kabisa la matundu, na sijui dhana iliyowaangusha watu wengi kuliko hii: kwamba bunduki ikishakubali asubuhi, imekubali siku nzima.

Watu wa pwani dhana hii inatukaa zaidi, na sababu yake naijua. Sisi tumezoea hali ya hewa isiyogeuka. Malindi alfajiri ni nyuzi 24, mchana ni 30, basi. Mtu anapanda ndege akiwa na mazoea hayo, anatua Gauteng, Afrika Kusini, mwezi wa Julai, saa moja asubuhi anapuliza mvuke mdomoni kwa nyuzi 4, na adhuhuri anavua sweta kwa nyuzi 20. Yeye mwenyewe amevua sweta! Lakini hajajiuliza baruti yake imevua nini.

Risasi inapopita ndani ya mtutu, chuma hakitulii. Mtutu hutetemeka, mdomo wake ukapanda na kushuka kwa kiasi ambacho jicho halikioni ila karatasi inakiona. Chukua mfano wa mtoto kwenye pembea. Anapopita katikati kwa kasi, ukijaribu kumpa ubuyu utamwangusha yeye au utauangusha ubuyu. Anapofika mwisho, pale anaposita kabla ya kurudi, unampa mkononi bila taabu. Kuiweka sawa bunduki ya mezani ni kutafuta kipimo cha baruti kinachoitoa risasi wakati mdomo wa mtutu umesita hivyo. Hapo hata risasi moja ikitangulia kidogo na nyingine ikachelewa kidogo, zote huangukia pamoja.

Sasa joto likipanda, baruti huwaka kwa nguvu zaidi, mgandamizo unaongezeka, risasi inawahi kutoka. Safari yote ya risasi ndani ya mtutu haifiki milisekunde 2, kwa hiyo kuwahi kwenyewe ni kudogo mno. Lakini pembea haikungoji. Risasi inatoka mtoto akiwa katikati, na tofauti ndogo za kasi ambazo asubuhi hazikuonekana zinajichora wima kwenye karatasi. Ndivyo vifungo vya kanzu. Zipo baruti zilizotengenezwa zisijali joto sana, ila N133 ya Vihtavuori, inayopendwa na wengi wanaopiga 6 PPC (aina ya risasi ya milimita 6) kwa yadi 100 na 200, si mojawapo. Unyevu nao una neno lake: baruti iliyokauka huwaka haraka kuliko yenye unyevu. Ukiiacha wazi kwenye kipimio, chombo cha kuipimia, tangu asubuhi, ya adhuhuri si ile uliyoijaribu.

Ndiyo maana katika mashindano haya washindani hujaza risasi zao palepale uwanjani, kati ya raundi na raundi. Si mbwembwe. Kila karatasi ina shabaha mbili, ya kuhesabiwa na ya majaribio, na ile ya majaribio unaipiga mara nyingi upendavyo ndani ya dakika 7 ulizopewa. Itumie! Ngoja bendera za upepo zitulie, piga mbili. Zikikaa usawa mmoja, endelea. Moja ikikaa juu ya nyingine na upepo haujabadilika, maliza raundi kwa subira, kisha rudi kwenye meza ya kujazia, badilisha kipimo kwa robo ya greni (kama miligramu 16 hivi), ujaribu tena. Kuongeza au kupunguza? Karatasi ndiyo itakayokujibu, mimi siwezi kukujibu nikiwa Malindi. Ila kiwango cha juu kilichoandikwa kitabuni na kiwanda usikivuke, hata mshindani wa meza ya pili akikuapia kwamba yeye kakivuka na yu mzima.

Halafu nunua kipimajoto. Kile cha bei rahisi kinatosha. Kining'inize kivulini chini ya meza, na kila raundi andika daftarini saa, nyuzi na kipimo. Nimelisema hili hadi wateja wangu wananiita Fundi Kipimajoto, na sijali. Mwaka ujao ukirudi uwanja uleule, daftari hilo litakufaa kuliko mtutu mpya.

Kuna anayesema haya ni mambo madogo. Mwaka 2013 Mike Stinnett wa Marekani alipiga risasi tano kwa yadi 100 katika kundi la inchi 0.0077, yaani halifiki milimita 0.2 kutoka kitovu cha tundu hadi kitovu cha tundu. Aliivunja rekodi ya Mac McMillan ya inchi 0.009 iliyokuwa imesimama tangu 1973. Mambo madogo ndiyo mchezo wenyewe.

Dhana nyingine ni ndugu wa hiyo: "Kusafisha mtutu katikati ya siku kunauharibu." Kinachouharibu ni ufito wako wa kusafishia uliopinda, unaousukuma bila kiongozi (mrija wa kuunyooshea njia) ukakwaruza koo la mtutu. Wapigaji wa mezani husafisha baada ya kila raundi moja au mbili, kwa sababu kaboni na shaba zikijikusanya kundi hupanuka. Weka kiongozi, pitisha brashi, pitisha vitambaa mpaka vitoke vikavu, kisha piga risasi moja au mbili kwenye shabaha ya majaribio kabla ya kuhesabu chochote. Risasi ya kwanza baada ya kusafisha haina adabu.

Na hapo tuseme mafuta. Hewa ya chumvi imetufundisha kuloweka kila chuma, na nyumbani ni sawa, pakaza. Lakini siku ya mashindano mtutu na chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, viwe vikavu. Mafuta mtutuni huitupa risasi ya kwanza pasipojulikana, na chemba yenye mafuta hulifanya komeo linaloifunga kwa nyuma libebe mzigo ambao ganda la risasi lilipaswa kuubeba kwa kushika ukuta wa chemba.

"Yadi 100 upepo haufanyi kitu." Unafanya. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa huisogeza risasi ya milimita 6 karibu sentimita 2 kwa masafa hayo. Nahodha wa dau hang'oi nanga bila kutazama maji na majani ya minazi, na wewe unataka kufyatua bila kutazama bendera?

Mazigazi pia. Watu huyajua ya jangwani na ya barabara ya lami, hawajui kwamba mtutu wao wenyewe ukipata moto hutoa mazigazi mbele ya darubini, shabaha ikawa inacheza kama iko chini ya maji. Utepe mwepesi uliotandazwa juu ya mtutu unatosha kuyazuia. Risasi nazo zikae kivulini, na ukishaitia moja kwenye chemba ya moto usianze kumngoja upepo humo: ama fyatua ama itoe. Ikikaa ikaiva, itapanda juu ya wenzake.

Kuhusu kukumbatia bunduki kwa nguvu ili itulie, sitasema mengi. Bunduki nzito ya mezani hutulia kwenye mifuko yake, na kila unapoibana tofauti inaruka tofauti. Iache iteleze.

Mifuko yenyewe, jamani. Mteja mmoja aliniletea mfuko wa nyuma umegeuka jiwe, akilalamika bunduki hairudi mahali pake. Nikauliza mchanga wa wapi. Wa Silversands! Ameuchota pale ufukweni jioni akitembea. Mchanga wa bahari una chumvi, chumvi huvuta unyevu, asubuhi mfuko laini, mchana mgumu, na kitako cha bunduki kimeanza kuota kutu kwenye parafujo zilizo karibu nao. Niliufumua, nikaukung'uta shambani, nikamjazia mfuko mwingine mchanga mzito mkavu wa dukani, masikio yake ya ngozi, pale kitako kinapolala, nikayapaka poda ya mtoto ili kitako kiteleze. Bili nikamwandikia ya mfuko mzima, maana mishono ya ule wa kwanza ilikuwa imeshaoza.